Je, ipo dawa ya kumrudisha mama alivyokuwa baada ya kiharusi cha mishipa midogo?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Tanga. Miezi minne iliyopita aliamka alfajiri akashindwa kushika birika. Mkono na mguu wa kulia vimelegea, maneno yanaburuta. Kipimo cha CT kilionyesha kiharusi cha mishipa midogo upande wa kushoto wa ubongo. Hospitali walimpa aspirini na klopidogreli za kuzuia damu kuganda, atovastatini ya kolesteroli na amlodipini ya presha, na zote bado anazo. Sasa anatembea kwa mkongojo, lakini mkono bado mzito, amekuwa mkimya na anasahau. Amlodipini anakunywa siku akihisi kichwa kizito. Juzi presha ilikuwa 158/94. Ndugu zetu wa Muscat wanasema tununue sindano za Cerebrolysin, na shemeji amesoma kuwa vidonge viwili vya moyo, isosobidi na silostazoli, vinaponya kiharusi cha aina hii. Ipo dawa ya kumrudisha mama alivyokuwa? Tunafikiria kuuza kiwanja.

Jibu: Marahaba, na poleni sana kwa kuuguza. Nianze na kiwanja: msikiuze. Mpaka leo hakuna kidonge wala sindano iliyothibitika kurudisha sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa kwa kiharusi. Na dawa itakayomlinda mama yako kuliko zote mnayo tayari humo ndani, ila anainywa kwa kukisia. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, na nitajibu pia juu ya zile sindano na vile vidonge viwili, maana shemeji yako hajaokota uvumi mtupu.

Takriban robo ya viharusi vinavyotokana na mshipa kuziba ni vya aina hii. Mishipa inayohusika huchipuka kutoka mishipa mikubwa iliyo chini ya ubongo, ikapanda kuingia ndani kabisa, na mingi haifiki unene wa nusu milimita. Presha ya miaka mingi huzifanya kuta zake ziwe nene na ngumu, na sukari na sigara huongezea. Njia ya damu inabana, na utando wa ndani unapoteza uwezo wa kuzuia majimaji ya damu yasivujie kwenye ubongo. Siku mshipa mmoja unapoziba, kinachokufa ni kipande kidogo tu, na kovu lake huwa tundu ambalo kwa kawaida halizidi milimita 15. C. Miller Fisher, daktari Mkanada aliyefanya kazi Boston, aliyaeleza matundu haya kwa kina katika miaka ya 1960 baada ya kuchunguza ubongo wa marehemu, akaonyesha jinsi tundu dogo mahali fulani linavyoleta ulemavu wa namna fulani.

Familia nyingi hushangaa: tundu dogo kiasi hicho limelegezaje nusu ya mwili? Jibu ni mahali lilipo. Nyuzi za fahamu zinazoamrisha mkono, mguu na uso hutoka eneo pana la juu ya ubongo, zikikaribia chini hukusanyika na kubanana kwenye njia nyembamba, kama magari ya mitaa yote ya mji yanavyolazimika kupita daraja moja. Daraja likikatika mji mzima unasimama, ingawa nyumba zote ziko salama. Ubongo wa mama yako unaotuma amri uko hai. Zipo nyuzi za jirani ambazo hazikufa, na zinaweza kufundishwa kubeba sehemu ya kazi ile. Ndiyo maana watu wengi wenye kiharusi cha aina hii hupata nafuu ya mwili kuliko wale walioziba mishipa mikubwa.

Lakini kuna upande wa pili, na ukimya wake na kusahau kwake vinanifanya niuseme wazi. Ugonjwa hauko kwenye mshipa ule mmoja ulioziba. Kuta zilizochakaa ziko kila mahali ubongoni, nyingine zimeshaleta madhara madogomadogo ambayo hakuna aliyeyaona. Yakijumlishwa, hupunguza wepesi wa kufikiri, hupunguza ari, hufanya mtu atembee kwa hatua fupifupi. Kwa hiyo mama yako ana mahitaji mawili tofauti: kuufundisha upya mkono, na kuizuia mishipa iliyobaki isizidi kuharibika. Dawa zilizopo leo zina nguvu katika hitaji la pili. Katika lile la kwanza zimejaribiwa nyingi na nyingi zimeanguka.

Chukua fluoksetini, dawa ya sonona. Mwaka 2011 utafiti wa Ufaransa ulioitwa FLAME, wenye wagonjwa 118, ulionyesha kuwa waliopewa fluoksetini pamoja na mazoezi walipata nguvu zaidi za mkono na mguu. Dunia nzima ya madaktari wa kiharusi ilichangamka, na nchi kadhaa zikaanza kuiandika. Kisha zikaja tafiti kubwa kuhakikisha. FOCUS ya Uingereza mwaka 2018 ilikuwa na wagonjwa 3,127. Mwaka 2020 ikafuata AFFINITY ya Australia, New Zealand na Vietnam yenye wagonjwa 1,280, na EFFECTS ya Sweden yenye 1,500. Zote tatu zikakuta kuwa baada ya miezi sita waliomeza fluoksetini hawakuwa na uwezo zaidi wa kujitegemea kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa. Katika baadhi yake sonona ilipungua, ila katika zote kuvunjika mifupa kuliongezeka, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayetembea kwa mkongojo. Levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, nayo ilijaribiwa Uingereza katika utafiti wa DARS kwa wagonjwa karibu 600 waliokuwa wakifanya mazoezi ya viungo. Haikuwasaidia kutembea.

Nimekaa hapo makusudi, ili uone jinsi habari ya watu mia moja inavyoweza kuwa tamu na habari ya watu elfu tatu ikaifuta. Unapoambiwa dawa fulani "imethibitishwa," uliza ni wagonjwa wangapi, na je, walilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa?

Kwa kipimo hicho tuziangalie sindano. Cerebrolysin ni mchanganyiko wa vipande vidogo vya protini, na inatengenezwa kutokana na ubongo wa nguruwe. Nalitaja hilo kwa sababu familia nyingi za pwani hazielezwi, na kila familia ina haki ya kujua kinachoingia mwilini mwa mzazi wao kabla ya kuamua. Kitabibu, mapitio ya tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa kiharusi cha kuziba hayakuona kwamba inaokoa maisha, na yalikuta madhara makubwa yasiyoua yakiwa mengi zaidi kwa waliochomwa. Tena tafiti hizo zilihusu siku za mwanzo kabisa, si miezi minne baadaye. Mkiambiwa mbadala wake ni sitikolini, nayo ilijaribiwa kwa wagonjwa 2,298 Hispania, Ureno na Ujerumani, matokeo yakatolewa mwaka 2012: haikuzidi kidonge kitupu. Waambieni ndugu wa Muscat kuwa nia yao ni njema. Kama wanataka kuchangia, wanunue kipimo cha presha cha kufunga mkononi juu ya kiwiko, na walipe nauli na gharama za mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hayo yatamfikia mama moja kwa moja.

Sasa vidonge vya shemeji. Hapa kuna jambo la kweli, nami nalifuatilia kwa matumaini. Isosobidi mononitrati ni dawa ya zamani ya maumivu ya kifua. Inaupa mwili naitriki oksaidi, ile inayolegeza kuta za mishipa. Silostazoli huzuia chembe sahani za damu kushikana, na pia inadhaniwa kuusaidia utando wa ndani wa mishipa. Japani wameitumia kwa miaka mingi kuzuia kiharusi cha pili. Utafiti wao wa CSPS 2 wa mwaka 2010, wenye watu zaidi ya 2,700, ulikuta haizidiwi na aspirini katika kuzuia kiharusi na inaleta uvujaji mdogo wa damu. Nchi nyingine huiandika kwa watu ambao miguu huwauma wakitembea kwa sababu ya mishipa iliyoziba.

Timu ya Joanna Wardlaw wa Edinburgh na Philip Bath wa Nottingham ilizichukua dawa hizo mbili na kuzijaribu kwa watu waliopata kiharusi cha mishipa midogo hasa, jambo ambalo tafiti nyingi hazikufanya, kwani viharusi vya kila aina huchanganywa pamoja. Utafiti uliitwa LACI-2, ukachapishwa mwaka 2023. Watu 363 katika hospitali 26 za Uingereza walipangwa kwa bahati nasibu: isosobidi peke yake, silostazoli peke yake, zote mbili, au kuendelea na dawa zao za kawaida tu. Waliotumia zote mbili, baada ya mwaka mmoja, walikuwa na matatizo machache kwa jumla: wachache walitegemea kusaidiwa, wachache walipungukiwa na uwezo wa kufikiri. Isosobidi ilielekea kupunguza kiharusi cha pili. Hakukuwa na madhara ya kutisha.

Kwa nini basi sikwambii ukanunue leo? Kwanza, utafiti ule ulipangwa kujua kama jaribio kubwa linawezekana na kama dawa ni salama. Haukuwa na watu wa kutosha kutoa hukumu. Pili, washiriki walijua wanameza nini, na mtu anayejua amepewa dawa mpya hujieleza vizuri zaidi anapoulizwa anaendeleaje. Watafiti wenyewe wamesema hivyo na wameanzisha LACI-3, iliyo kubwa zaidi, ili wapate jibu. Kumbuka fluoksetini. Tatu, dawa hizi hazichezewi. Silostazoli ni marufuku kwa mtu mwenye moyo uliochoka, usiosukuma damu vizuri, ambao ni ugonjwa wa kawaida kwa wenye presha ya muda mrefu, na wengi hawajijui mpaka wapigwe picha ya moyo. Huleta kichwa kuuma, kuharisha na mapigo ya moyo kwenda mbio. Omeprazoli, ambayo watu wanaimeza kila siku kwa vidonda vya tumbo, huifanya ijae mwilini kupita kiasi, na juisi ya balungi vilevile. Isosobidi huuma kichwa siku za mwanzo na huweza kushusha presha ghafla anaposimama. Na angalieni jina lote: iliyojaribiwa ni mononitrati. Dinitrati ni ndugu yake, lakini siyo ile. Kama daktari wa mama, baada ya kumpima moyo, ataona inafaa kuzungumza juu ya dawa hizi, ni mazungumzo ya maana. Kuzinunua wenyewe kwenye duka la dawa, hapana.

Kuna jambo moja katika barua yako linalonitia wasiwasi kuliko yote uliyoniuliza, na hukuliuliza. Aspirini na klopidogreli kwa pamoja, miezi minne. Kuanza zote mbili ilikuwa sahihi. Utafiti wa CHANCE wa China, mwaka 2013, ulionyesha kuwa kwa kiharusi kidogo, siku 21 za mwanzo za dawa mbili huzuia kiharusi kingine kuliko aspirini peke yake. Lakini baada ya hapo faida hupungua na hatari ya kuvuja damu inabaki palepale. SPS3, uliofanywa Amerika Kaskazini, Amerika ya Kusini na Hispania kwa watu 3,020 wenye kiharusi cha mishipa midogo, ulilinganisha dawa mbili na aspirini pekee kwa miaka. Kiharusi cha pili hakikupungua: 2.5 kwa mia kwa mwaka dhidi ya 2.7. Kuvuja damu kukubwa kulikaribia kuongezeka maradufu, na waliokufa walikuwa 113 kwa dawa mbili dhidi ya 77 kwa moja. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati. Mara nyingi hutokea kuwa karatasi ya hospitali haikuandikwa tarehe ya kuacha, basi familia inaendelea kununua kwa utiifu. Msimwachishe zote mbili kwa hofu. Kuacha zote ni hatari kubwa. Wiki hii nendeni kwa daktari mkaulize: "Je, ipo sababu ya moyo au mshipa mwingine inayomfanya aendelee na mbili? Kama haipo, abaki na ipi?" Akiwa na choo cheusi kama lami, msingoje wiki, nendeni siku hiyohiyo.

Sasa presha, ambayo ndiyo kiini cha jibu langu. Presha haina dalili ya kuaminika. Kichwa kizito kinaweza kuja na presha ya 120, na presha ya 190 inaweza kukaa kimya huku mama anapika. Amlodipini inayomezwa siku moja na kurukwa nne hailindi chochote, kwa sababu inahitaji siku kadhaa mfululizo kufikia nguvu yake kamili. Ile 158/94 inapiga kuta za mishipa ileile iliyochakaa usiku na mchana. Katika SPS3 hiyohiyo, kundi lililoshushwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 130 lililinganishwa na lililoachwa kati ya 130 na 149. Viharusi kwa jumla vilipungua kidogo, si kwa kiwango cha kumaliza ubishi, lakini kuvuja damu ndani ya ubongo kulipungua kwa karibu theluthi mbili. Kabla yake, mwaka 2001, PROGRESS, yenye watu zaidi ya 6,000 waliowahi kupata kiharusi, ilionyesha kuwa dawa ya presha iitwayo perindoprili, kwa wengi wao ikiwa pamoja na nyingine, indapamidi, inapunguza kiharusi kingine kwa asilimia 28. Hakuna sindano ya kujenga ubongo iliyowahi kukaribia namba hiyo.

Nasi Waafrika tuna utafiti wetu. CREOLE, wa mwaka 2019, ulifanyika Kenya, Uganda, Msumbiji, Nigeria, Kameruni na Afrika Kusini. Ulikuta kuwa amlodipini ikiambatana na haidroklorothiazidi, dawa nyingine ya presha, au na perindoprili, hushusha presha vizuri kuliko perindoprili na haidroklorothiazidi bila amlodipini. Kwa hiyo mama tayari ana dawa nzuri ya kuanzia. Inawezekana kabisa anahitaji ya pili pembeni yake. Miguu ikivimba kwa amlodipini msiikatize, mwambieni daktari apunguze dozi na kuongeza mwenzake. Lengo, kama hapati kizunguzungu akisimama, ni chini ya 130/80, taratibu, kwa wiki kadhaa.

Kumpima nako kuna namna yake. Aende haja ndogo kwanza. Akae kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu chini bila kupishanisha, asizungumze. Mkono wa kushoto, ule wenye nguvu, uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya mkono wa gauni. Pimeni mara mbili, mpishane dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, muandike. Na kwa kuwa ninyi ni watu wa Tanga, niseme juu ya papa mkavu na ng'onda: chumvi iliyomo humo peke yake inaweza kuharibu kazi ya vidonge viwili. Samaki wa kawaida, ndimu na pilipili vinatosha kutia ladha.

Atovastatini aendelee nayo. Sukari kama haijapimwa, ipimwe.

Ukimya wake mwombe daktari auchunguze kwa jina lake: sonona baada ya kiharusi ni ya kawaida na inatibika. Hapo dawa ya sonona, hata fluoksetini, ina nafasi yake halali, kwa ajili ya sonona. Mwulizeni analala vipi, bado anafurahia nini, je, amekata tamaa? Mara nyingi mgonjwa anasemwa mvivu wa mazoezi kumbe anaumwa rohoni.

Na mkono. Nafuu ya haraka huja miezi mitatu ya mwanzo, lakini haikomi hapo. Utafiti wa Marekani wa EXCITE, mwaka 2006, uliwachukua watu 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa nyuma, hasa kama mama yako, wenye uwezo kidogo wa kunyanyua kifundo cha mkono na vidole. Ule mkono mzima ulivishwa glovu nene karibu muda wote wa kuwa macho kwa wiki mbili, na mkono dhaifu ukafanyishwa kazi saa nyingi kila siku. Walipata nafuu kuliko wenzao, na mwaka mmoja baadaye bado ilikuwepo. Mtaalamu wa viungo aanze kwa kumpima kama anafaa, maana asije akaanguka. Nyumbani mpeni kazi zenye maana: kuchambua mchele kwa mkono wa kulia, kufunga vifungo, kushika kikombe kisicho na maji na baadaye chenye maji. Kazi ileile, mara nyingi, kila siku, ngumu kidogo kuliko jana. Kumkanda kwa mafuta kunampa faraja na hakuna ubaya, ila hakumfundishi mkono chochote. Kitu kimoja nakusihi: msimnyanyue kwa kumvuta mkono wa kulia. Bega lililolegea huchomoka kirahisi, na maumivu yake yanaweza kumfanya aukatae mkono kabisa. Vidole vikianza kukaza na kujikunja, ziko dawa za kulegeza, zikiwemo sindano za sumu ya botulini kwenye msuli husika. Zinarahisisha kumwosha na kumnyoosha, ingawa hazirudishi ufundi wa mkono.

Uso ukipinda upya, mkono ukilegea zaidi au maneno yakipotea, tazameni saa na muende hospitali kubwa hapohapo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na hesabu huanza tangu alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho.

Mkishaonana na daktari kuhusu zile dawa mbili za kuzuia damu kuganda, niandikie amebaki na ipi. Uniletee pia vipimo vya presha vya wiki mbili, asubuhi na jioni, amlodipini ikiwa imenywewa kila siku.